Bastola kiunoni: sheria iko wapi?

Mhariri,

Ndugu zangu huniuliza ni sheria ipi inayomruhusu mteja kuingia dukani ninapofanya kazi, hapa Greensboro, North Carolina, na bastola kiunoni, waziwazi. Haipo. Huku lisilokatazwa ni halali. Mwaka 1921 Mahakama ya Juu ya jimbo ilibatilisha sheria iliyodai kibali kaunti ya Forsyth, hata kwa anayebeba bastola waziwazi. Limebaki kosa la kale la kutembea na silaha ili kutisha watu; mahakama ililitambua tangu 1843. Lakini nia ya kutisha nitaithibitishaje, nikiwa peke yangu kaunta usiku? Mwenye duka anaruhusiwa kubandika tangazo la kukataza silaha. Waswahili wenzangu wenye maduka huku, libandikeni.

Mama Neema,
Greensboro, Marekani