Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha kuhusu silaha milangoni mwa kumbi za usiku

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Yah: Ombi la mwongozo kuhusu wateja wenye silaha katika kumbi za starehe, na hali ya wanaolinda kumbi hizo

Tafadhali pokea heshima zangu na za wenzangu. Nimeona nikuandikie wewe, badala ya kupeleka malalamiko polisi peke yake au kwa Mkurugenzi wa Jiji peke yake, kwa sababu jambo hili liko katikati ya ofisi kadhaa, na wewe ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa ambako ofisi hizo hukaa meza moja. Mimi ni mwanamke ninayefanya kazi ya ukaguzi mlangoni mwa ukumbi wa muziki katika Jiji la Arusha. Watu hutuita mabaunsa sote, hata sisi wenye vimo vya kawaida, na kazi yangu hasa ni kukagua mikoba na kupapasa wateja wanawake kabla hawajaingia ndani.

Silaha haramu zina watu wake wa kuzishughulikia. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya kuzisalimisha kwa hiari bila mhusika kushtakiwa, na sina la kuongeza hapo. Bastola inayotusumbua sisi ni ile yenye leseni, iliyo kiunoni mwa mteja anayefahamika, anayelipa meza ya mbele na kuitwa bosi na kila mhudumu. Mkoa huu, kwa shughuli zake, una watu wengi wenye sababu halali ya kumiliki silaha: wafanyabiashara wa tanzanite wanaosafiri kati ya Mirerani na mjini wakiwa na mali, watu wa uwindaji wa kitalii, wenye mashamba na mifugo, na wafanyabiashara wanaohesabu fedha nyingi usiku. Waongeze na askari wanaokuja kustarehe wakiwa nje ya zamu. Sina ugomvi na haki yao ya kumiliki. Ninachouliza ni nini kinapaswa kutokea mtu huyo anapofika mlangoni kwetu saa 7 usiku.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilikuja kukaza masharti ya umiliki, na mwombaji hupitishwa kwenye kamati za usalama kabla ya kukabidhiwa leseni. Utaratibu huo ni mzuri, lakini unamchunguza mtu akiwa ofisini asubuhi, amenyoa ndevu na amevaa shati la mikono mirefu. Sisi tunakutana naye akiwa ametoka baa mbili, ana rafiki wa kumwonyesha ubabe, na huenda ana mwanamke aliyegombana naye njiani. Leseni aliyonayo ni ileile. Mtu siye yule.

Naomba nieleze jinsi silaha inavyoingia, kwa kuwa nadhani wengi wa wanaotunga maagizo hawajawahi kusimama pale. Upande wa wanaume ukaguzi ni wa kweli, kwa sababu kumbi nyingi zina mabaunsa wa kiume wa kutosha. Upande wa wanawake, zipo kumbi ambazo hazina mkaguzi wa kike hata mmoja, na mwanamume hana ruhusa ya kumpapasa mwanamke, kwa hiyo mkoba hufunguliwa nusu, humulikwa kwa simu, na mwenyewe hupita. Wateja wazoefu wanalijua hilo vizuri kuliko wenye kumbi. Mguu wa kuku, kama vijana wanavyoiita bastola, huhamishwa kwenye mkoba wa mwenzake mle ndani ya gari, kabla hawajaufikia mlango. Nimeikuta chini ya mtandio, na nimeikuta imefungwa ndani ya kitambaa cha kufutia viatu. Dada aliyebebeshwa mara nyingi hajui kama ina risasi, na anaponiona nimeigusa hutetemeka kuliko mimi.

Baada ya kuigusa, Mheshimiwa, sina njia iliyonyooka mbele yangu. Nikimzuia mwenye nayo, anatoa karatasi za umiliki, ananiuliza mimi ni nani wa kupinga kilichoidhinishwa na Serikali, kisha anampigia simu meneja, naye meneja anashuka na kuniambia nimwache kwa kuwa ni mtu wetu. Nikikubali kuipokea na kuifungia kabatini mpaka atakapoondoka, nimeshika silaha ya mtu mwingine nikiwa sina leseni, jambo ambalo sheria hiyohiyo inalihesabu kuwa kosa, na likitokea la kutokea alama za vidole zitakazokutwa ni zangu. Nikimwambia airudishe kwenye gari, nimeacha bastola kwenye maegesho ambako vioo vya magari huvunjwa kwa ajili ya begi la kompyuta tu. Inayobaki ni kumwachia aingie nayo, na hiyo ndiyo hutokea mara nyingi, kwa sababu ndiyo pekee isiyomgharimu mtu chochote hadi pale inapomgharimu mtu maisha.

Ni kweli kwamba makamanda wa polisi, kwa nyakati tofauti, wamewaonya wamiliki wasiende na silaha kwenye sehemu za ulevi. Onyo hilo tunalisikia redioni na tunalishukuru, ila hatujapewa karatasi yenye muhuri ambayo mkaguzi anaweza kumwonyesha mteja na kumwambia kwamba hapa si mimi ninayekuzuia. Mtu mwenye fedha na jina hapa mjini hazuiwi kwa maneno ya mwajiriwa anayelipwa kwa usiku.

Mkoa wetu hauhitaji kukumbushwa kwamba mahali pa starehe panaweza kugeuka pa msiba. Usiku wa tarehe 13 Aprili 2014 bomu lililipuka katika baa ya Arusha Night Park, watu wakiwa wanaangalia mpira, na zaidi ya watu kumi wakajeruhiwa. Miezi michache baadaye, Julai mwaka huohuo, mgahawa mwingine wa hapa mjini ulishambuliwa hivyohivyo. Ukaguzi ulikaza baada ya hapo, na vifaa vya kutambulia chuma vilionekana hadi kwenye baa za mitaani. Katika kumbi nilizofanyia kazi, vile vilivyobaki leo vingine havina betri na hupitishwa mwilini mwa mteja kama heshima ya mila. Kwa majirani, Januari 2020 mpiga muziki kijana alipigwa risasi ya shingo ndani ya klabu jijini Nairobi, na Julai 2022 watu wenye bunduki waliingia katika baa moja ya Orlando East, Soweto, huko Afrika Kusini, na kuua watu 16. Matukio hayo hayafanani kwa chanzo wala kwa nia, na sitaki kuyachanganya. Lakini yote yana mlango ambao mtu au kitu kilipita.

Huenda ukashauriwa kwamba dawa ni kuwapa mabaunsa silaha. Naomba usikubali. Ukumbi una giza, moshi na taa zinazozunguka, na watu wamebanana kiasi kwamba risasi ikitoka lazima impate mtu. Isitoshe, silaha ya mlinzi ni silaha inayoweza kunyang'anywa. Tarehe 25 Agosti 2021 jijini Dar es Salaam, karibu na Ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aliwaua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi, na sehemu ya mapambano aliyaendesha kwa bunduki alizowapora askari aliokwisha kuwapiga. Usiku wa kuamkia mwaka 2017 mjini Istanbul, aliyeshambulia klabu ya Reina alianza na askari aliyekuwa analinda mlangoni, kisha akaingia na kuua. Jumla ya waliokufa ilikuwa watu 39. Kama askari waliofunzwa wanazidiwa hivyo, kijana wa Ngarenaro aliyeajiriwa kwa sababu ya kifua chake hatafanya vizuri zaidi kwa kupewa bastola. Nasema hivi nikijua kwamba baadhi ya wenzangu hawatafurahi, na nikijua pia kwamba wapo mabaunsa wanaopiga wateja bila sababu. Hao wakipewa silaha, tutakuwa tunazungumza kuhusu maiti.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi hapa kwetu, nayo ni polisi kutotutambua. Novemba 2018, katika mji wa Robbins karibu na Chicago, Marekani, kulitokea risasi ndani ya baa, na mlinzi wa baa hiyo, Jemel Roberson, akamdhibiti mmoja wa watuhumiwa na kumlaza chini nje ya jengo. Askari aliyefika kusaidia aliona mtu mwenye bunduki amemkandamiza mwingine, akampiga risasi mlinzi akamuua, ilhali watu waliokuwa pale walikuwa wakipaza sauti kwamba huyo ni mlinzi. Sheria na mazingira ya silaha ya kule si ya kwetu. Hata hivyo nimejiuliza mara nyingi: doria ikifika mlangoni kwetu katikati ya vurugu, nami nimevaa suruali nyeusi na fulana nyeusi kama nusu ya wateja, askari atanijua kwa lipi? Hatuna kizibao chenye namba, hatuna orodha yetu kituoni, na wakuu wa vituo hubadilishwa bila sisi kuwahi kutambulishwa kwao.

Mheshimiwa, naomba sasa niseme kuhusu anayejeruhiwa. Mwenzangu mmoja alipigwa risasi ya paja nje ya ukumbi, katika ugomvi wa bili ambao haukuwa wake. Mteja alifyatua chini kuwatisha watu, risasi ikagonga zege na kuruka. Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda akiwa katikati ya watu wawili. Tulipofika tuliulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa, mmoja wetu akarudi kituoni kuifuata, na damu ikaendelea kuchuruzika tukiwa tunabishana dirishani kuhusu kipi kinatangulia. Mwenye ukumbi alilipa bili ya wiki ya kwanza kwa moyo mzuri, sikatai, kisha akaacha kupokea simu. Mwenzangu hakuwa na mkataba wa maandishi. Jina lake halikuwa NSSF wala kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na leo anatembea kwa kuchechemea akiuza vocha.

Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ipo tangu mwaka 2008, na mwajiri wa sekta binafsi anapaswa kuchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Kwa mlinzi anayepata shilingi 200,000 kwa mwezi, mchango huo ni shilingi 1,000. Ndani ya kumbi tunazolinda, fedha hiyo hainunui bia moja. Vivyo hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Sijawahi kukutana na baunsa aliyeiona nyongeza hiyo. Wengi wetu hupewa fedha mkononi alfajiri, bila risiti, na ukiumia kesho yake hakuna karatasi inayoonyesha kwamba uliwahi kuwa mfanyakazi wa mahali pale.

Ninachoomba hakihitaji Bunge, ingawa sheria mahsusi ya ulinzi binafsi, inayozungumzwa kwa miaka mingi, tungeipokea kwa mikono miwili. Leseni za vileo hupita katika halmashauri, na huko ndiko kwenye nguvu ya haraka kuliko kwingine kote. Naomba Kamati yako ishauriane na halmashauri ili ukumbi wowote unaofanya kazi kupita saa 6 usiku usihuishiwe leseni mpaka uonyeshe orodha ya walinzi wake, mikataba yao, uthibitisho wa michango ya Mfuko wa Fidia, na angalau mkaguzi mmoja wa kike katika kila zamu. Naomba pia litolewe agizo la maandishi, lenye saini ya Jeshi la Polisi, litakalobandikwa kila mlangoni, likisema kwamba haiingii silaha hapa hata yenye leseni. Kwamba mwenye nayo aiache nyumbani au aikabidhi kituo cha polisi. Na kwamba meneja atakayemwamuru mkaguzi ampitishe mtu huyo atawajibika yeye. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itakayotulinda kuliko nyingine zote, kwa sababu shinikizo kubwa kuliko yote hututoka nyuma yetu, upande wa kaunta. Askari walio nje ya zamu nao watajwe waziwazi, la sivyo kila mwenye bastola atajiita askari.

Kuhusu kutambuliwa, vizibao vyenye namba na kikao kimoja kila robo mwaka kati ya mkuu wa kituo na viongozi wa zamu wa kumbi za eneo lake vingetosha kuanzia. Gharama ya vizibao tuko tayari hata kuchangia.

Naomba hili lisisubiri sana. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitakuwa wenyeji wa AFCON, na Arusha inajengewa uwanja kwa ajili hiyo. Wageni wakija, kumbi zitaongezeka kuanzia Njiro hadi Sakina, na zitaajiri haraka haraka vijana ambao hawajawahi kushika mkoba wa mtu. Ni rahisi zaidi kuwapa utaratibu kabla hawajazoea wetu wa sasa.

Tuko tayari kuitwa mbele ya Kamati kueleza haya kwa kinywa, tukiwa na wenye kumbi au bila wao, ingawa tungependa kwanza bila wao. Kikao kikipangwa asubuhi, tutakuja moja kwa moja kutoka zamu.

Wako mtiifu,

Mkaguzi wa mlangoni,
Jiji la Arusha