Kamba wenye viungo hawahitaji dakika 15

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu mapishi ya kamba kwa kikaangio cha hewa yaliyotoka kwenye safu yenu ya jikoni. Msomaji aliambiwa aloweke kamba waliomenywa usiku kucha katika maji ya limau, asali na kitunguu saumu, kesho yake awamimine kikapuni pamoja na rojo lao, kisha aweke nyuzi 200 kwa dakika 15. Mimi si mpishi wa hoteli. Ni fundi wa vifaa vidogo vya umeme, na siku hizi vikaangio vya hewa ndivyo vinavyoniweka mjini. Lakini napika mwenyewe kwangu, kamba nawapenda, na mashine hizi nazijua kwa ndani. Mapishi yale yanaharibu kamba, halafu yanaharibu na mashine.

Ukifungua sehemu ya juu ya kikaangio utakuta vitu viwili vya maana: koili inayopata moto na feni iliyo juu yake. Feni inasukuma hewa ya moto ishuke kwenye chakula, ipenye matundu ya kikapu, ipande tena juu. Basi. Ni tanuri dogo lenye upepo mkali. Philips walipoleta Airfryer yao sokoni mwaka 2010, walichowauzia watu ni chakula kilichokauka nje kwa mafuta kidogo sana, na kinachofanya kazi hiyo ni huo upepo mkavu unaopita juu ya chakula kwa kasi.

Sasa mtu akiweka humo kamba wanaochuruzika rojo, upepo unahangaika na maji kwanza. Hata kama kioo kinaandika 200, uso wenye maji hauvuki nyuzi 100 mpaka maji yaishe. Ile rangi ya kahawia na harufu ya kuchomwa tunayoitafuta huanza kuja kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo kamba anakaa humo anachemka kwa mvuke wake mwenyewe, mpishi anaona bado weupe, anaongeza dakika, na uso unapokuja kukauka ndani pameshakwisha zamani. Nadhani ndiyo maana mwandishi wenu akafika 15. Alikuwa anasubiri rangi.

Kamba hana mwili wa kuvumilia hilo. Nyama yake imeshaiva ikifika nyuzi 63 katikati, na kuanzia hapo protini zinazidi kujikaza na kukamua maji nje. Kwa mashine iliyokwisha kupata moto dakika tatu kabla, kamba wa wastani waliomenywa huchukua dakika 5 au 6 kwa nyuzi 200. Wakubwa, 7, pengine 8. Waliobaki na maganda wanaongezewa dakika moja hivi, nao hutoka na maji zaidi maana ganda linawakinga. Huyo wa dakika 15 mpeni mwanafunzi afutie penseli.

Kuhusu limau la usiku kucha. Tindikali hubadilisha protini za kamba kama joto linavyofanya, na hilo unaliona kwa macho: nyama iliyokuwa ya kioo inaanza kuwa nyeupe humo bakulini, hujagusa moto. Ukiiacha saa nyingi, nje inakuwa kama unga na ndani inakaza. Na pasiwe na mtu wa kudhani weupe huo ni kuiva. Limau haliui vijidudu kama moto unavyoua. Mimi maji ya limau nayaweka mwisho kabisa, kamba wakishatoka. Kwenye viungo vya kulowekea natumia ganda la limau lililoparwa, ile sehemu ya njano tu: harufu yote imo humo na tindikali hamna.

Mafuta ndiyo yanayobeba viungo. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha nusu kilo ya kamba, pamoja na chumvi, pilipili manga, paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), na kitunguu saumu cha unga. Nasema cha unga kwa sababu kile kilichokatwakatwa huungua kabla kamba hajaiva na huacha uchungu. Anayetaka kibichi akitwange, akamue maji yake kwenye mafuta, makapi ayaache. Dakika 20 hadi 30 ndani ya jokofu zinatosha, bakuli likiwa limefunikwa. Kamba si nyama ya paja. Ni mwembamba, na mgongo wake umeshapasuliwa wakati wa kutoa ule utumbo mweusi, kwa hiyo chumvi inaingia haraka.

Kabla ya hapo wakaushwe. Hili mapishi yenu hayakuligusa, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Kamba wengi wanaouzwa wakiwa wamegandishwa huwa wametiwa fosfati ili washike maji, na pakiti huandika hivyo kwa maandishi madogo nyuma. Maji hayo yatatoka tu. Wayeyushe jokofuni usiku, au ndani ya mfuko uliofungwa kwenye maji baridi. Maji ya moto yanaanza kuwapika nje. Kisha wachuje, watandaze juu ya karatasi za jikoni, uwafunike kwa karatasi nyingine na ukandamize kwa viganja. Karatasi ikilowa chapa, badilisha. Endelea mpaka karatasi inyanyuke bila kunata. Ukiwashika wakati huo utahisi ngozi ya kidole inang'ang'ania kidogo badala ya kuteleza. Hapo ndipo wapate mafuta na viungo.

Kikapuni wakae safu moja, wasilaliane. Hewa isipopita chini yao, wa chini watatoka wamechemka. Nusu ya muda uvute kikapu na uwatikise au uwageuze kwa koleo. Kama ni wengi, pika kwa mafungu, na fungu la pili lipunguzie dakika kwa sababu mashine imeshashika moto kila mahali. Wakiiva uwamwage sahani papo hapo. Kikapu kile ni cha moto, ukiwaacha humo unazungumza na simu wanaendelea kuiva.

Mtu atauliza atajuaje. Kwa kawaida tunaangalia rangi: kamba mbichi ana ukijivu, na joto likivunja protini iliyoifunga ile rangi nyekundu inayoitwa astaksanthini, wekundu unajitokeza. Lakini kamba aliyepakwa paprika ni mwekundu tangu bakulini! Rangi ya nje haikusaidii kitu. Mchukue mnene kuliko wote, umwangalie pale mgongoni alipopasuliwa. Nyama iwe nyeupe isiyopenya mwanga mpaka chini ya ufa. Ikibaki na mstari wa kioo, mrudishe kwa dakika moja, usiongeze tano.

Asali nayo nitaisema kama fundi. Sukari yake inaungua mapema sana kwenye nyuzi 200, na rojo likiwa jingi, feni inarusha matone juu. Naletewa mashine "inayotoa moshi bila sababu", nageuza, nakuta koili imevaa gamba jeusi linalong'aa, gumu, na vipande vya kitunguu saumu vimegandia humo kama vilipandwa kwa gundi. Majani ya viungo ndiyo hupanda kwanza, mepesi yale. Mara nyingine gamba limefunika hata sensa ya joto, na mwenye mashine analalamika kwamba siku hizi chakula hakiivi sawasawa. Anayependa utamu apake asali kwa brashi dakika ya mwisho, au aichanganye na maji ya limau na kuwamwagia kamba sahanini.

Rojo lililobaki bakulini limekaa na kamba wabichi. Lisigeuzwe mchuzi wa kuchovya mpaka lichemshwe likatokote sawasawa.

Ninachoomba, Mhariri, ni safu hiyo irudie mapishi hayo ikiwa imetaja ukubwa wa kamba na kutoa muda kwa kila ukubwa, na iondoe ule usiku kucha. Na kwa wasomaji waliokwisha kuyafuata, ambao mashine zao sasa zinafuka: chomoa waya ukutani, acha ipoe kabisa, toa droo, geuza mashine juu chini. Koili uisugue kwa brashi laini iliyochovywa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kukung'utwa, kisha uifute kwa kitambaa chenye unyevu. Usiimwagie maji wala kuikwangua kwa kisu. Iache ikauke mpaka kesho yake kabla ya kuchomeka tena. Feni ikiwa inakwaruza au harufu ni ya plastiki, isiwashwe, ipelekwe kwa fundi.

Wako,
Fundi wa vifaa vya umeme