Wakfu wa chuo: hati kwanza, jengo baadaye

Mhariri,

Kwa kuwa kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe imekuja Mkinga, koo zenye uwezo hapa Tanga zitaombwa kuchangia, na nyingine zitajitokeza zenyewe. Si jambo geni mkoani kwetu: Usagara Sekondari wazee wanaijua kwa jina la Karimjee, ukoo wa wafanyabiashara wafadhili.

Mtoaji wa kwetu hufikiria kwanza jengo lenye jina la marehemu baba. Siku ya kukata utepe kila mtu hufurahi. Miaka michache baadaye bati limeliwa na chumvi ya bahari, na chuo hakina fungu la kukarabati zawadi. Anayeng'ang'ania jengo atenge siku ileile fedha za kulitunza, na aezeke kwa geji 28, maana geji 30 ni jembamba zaidi.

Kinachodumu ni mtaji usioguswa. Tuseme ukoo umekusanya shilingi milioni 200 ukanunua hati fungani za Serikali, yaani ukaikopesha Serikali, kwa riba ya asilimia 12. Malipo huja kila miezi sita, jumla milioni 24 kwa mwaka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanazitumia zote. Bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, baada ya miaka 18 mtaji ule una nusu ya nguvu yake. Milioni 8 zirudi kwenye mtaji, zitumike 16.

Tajiri James B. Duke wa Marekani alilijua hilo. Desemba 1924 alianzisha mfuko wa dola milioni 40, akaandika kwenye hati kwamba asilimia 20 ya mapato irudishwe kwenye mtaji mpaka ziongezeke milioni 40 nyingine. Katika mapato ya kugawa, Chuo Kikuu cha Duke kilipewa asilimia 32, na hospitali za majimbo ya Carolina Kaskazini na Kusini zikapewa 32 vilevile. Yatima wakapata 10. Lakini aliufunga mtaji kwenye hisa za kampuni yake ya umeme, zisiuzwe mpaka wadhamini wote, yaani wasimamizi wa mfuko, wakubali. Hilo tusiige.

Familia isiyogusa riba ina sukuk, yaani hati za uwekezaji zisizo na riba, au nyumba za kupangisha kama wakfu tuliouzoea. Ila hesabu iwe ya kweli. Nyumba ya Ngamiani yenye vyumba sita, kila kimoja 50,000 kwa mwezi, ni milioni 3.6 kwa mwaka. Ondoa mwezi mmoja wa vyumba kukaa vitupu, ondoa robo ya ukarabati, kisha kodi ya jengo na ya ardhi: hazifiki milioni 2.5. Nyumba moja haisomeshi darasa.

Kosa jingine liko kwenye idadi ya wanafunzi. Mwenye milioni 16, na kila mwanafunzi akihitaji milioni moja kwa mwaka, hupokea 16 mwaka wa kwanza kwa shangwe. Mwaka wa pili hana nafasi hata ya mmoja. Kwa shahada ya miaka mitatu, apokee watano kila mwaka, na milioni inayobaki iwe ya dharura. Ada ilipwe moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo ya mwanafunzi, isipitie kwa mjomba. Na pale mkopo wa Bodi ya Mikopo unapofika, msaada uende kwingine: bima ya afya ya mwanafunzi, au wiki zile za mwanzo bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halijaingia na mtoto anakula mara moja kwa siku. Hapo mkopo mdogo wa 150,000, unaorudishwa bumu likitoka, unazunguka kwa wengi.

Kijiji jirani kisisahauliwe, maana wanafunzi watapanga humo, kodi za vyumba zitapanda, na foleni ya zahanati itarefuka. Mkichimba kisima, pimeni kwanza chumvi ya maji, hasa karibu na pwani. Kisha mkubaliane na chombo cha watumia maji nani atalipia umeme wa pampu. Visima vingi hufa kwa pampu, maji yenyewe yapo.

Haya yote yaandikwe kwenye hati, na wadhamini wasajiliwe RITA, wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, kabla shilingi ya kwanza haijatoka. Wadhamini wa ukoo wasizidi nusu. Wengine watoke chuoni na kijijini. Benki ihitaji saini mbili, moja ya mtu asiye wa ukoo. Mdhamini akifariki, hati iseme nani anamteua mwingine na ndani ya siku ngapi, la sivyo akaunti itakwama na wanafunzi wako katikati ya muhula. Na iseme fedha zihamie wapi chuo kikifungwa, kwa sababu vyuo hufungwa.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga