Sikutia saini dhidi ya duka jipya la vichezeo, na sababu ninayo

Mhariri,

Kuna karatasi inayozungushwa duka kwa duka katika mtaa wetu hapa Nakuru, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue. Inaiomba serikali ya kaunti iinyime leseni kampuni moja yenye matawi Nairobi na Mombasa, ambayo imekodi jengo la kona lililokuwa ghala la vitambaa na inataka kufungua duka kubwa la vichezeo vya watoto kabla ya Krismasi. Ilipofika kwangu niliisoma mara mbili, nikamrudishia mwenyekiti wetu bila kutia saini. Tangu hapo kuna majirani wanaonisalimia kwa mdomo tu. Naomba nafasi kidogo nijieleze, maana katika mtaa huu muuza vichezeo ni mimi. Kama kuna mtu wa kulia kwanza, ndiye huyu anayekuandikia.

Nianze na lile ambalo wenzangu wanaliogopa. Ni kweli, watauza bei ya chini. Gari la rimoti ninalouza Sh1,200 sitashangaa nikiliona kwao kwa Sh850, na yule mwanasesere anayefumba macho akilazwa, ambaye kwangu ni Sh600, huenda wakamweka Sh400. Hakuna uchawi hapo. Mimi hununua Nairobi, Kamukunji au Nyamakima, kwa mtu aliyenunua kwa mwingine aliyeleta kontena kutoka China. Kila mkono uliogusa katoni hiyo umebaki na chake. Kisha naongeza nauli ya mzigo kwenye basi la usiku na mkokoteni wa kutoka steji. Wao kontena ni lao tangu Mombasa. Mteja akichagua gari la Sh850 simlaumu. Nami nikienda sokoni kununua viazi, simtafuti mwenye bei ghali eti kwa sababu tunaishi ploti moja.

Haya tuliyaona 2023, China Square, duka kubwa la bidhaa rahisi kutoka China, ilipofunguliwa kando ya Thika Road. Wafanyabiashara wa Nairobi wakaandamana, waziri akasema yake, duka likafungwa kwa muda. Leo lipo, tena limeongeza matawi. Wanunuzi walikuwa wameshapiga kura yao kwa foleni. Mwenyekiti wetu ni mzee ninayemheshimu. Nilipohamia mtaani ndiye aliyeniazima rafu zangu za kwanza, na sijasahau. Lakini sioni afisa wa leseni atakayemnyima mtu kibali kwa kosa la kuuza rahisi.

Isitoshe, sisi watu wa Nakuru hatuna uso wa kukasirikia maduka ya matawi. Nakumatt ilianzia hapa mjini, ikiuza magodoro. Tuskys na Naivas mizizi yake ni kaunti hii hii, zikiwa biashara za familia. Nakumatt ikapanuka hadi Uganda, Tanzania na Rwanda, ikazama kwenye madeni, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Tuskys nayo ikaporomoka, walioipelekea bidhaa wakabaki na stakabadhi mikononi. Na kwa kuwa hii ndiyo biashara yangu, nimefuatilia pia kisa cha Toys "R" Us ya Marekani. Charles Lazarus alianza 1948 kwa kuuza vitanda na samani za watoto wachanga, akageukia vichezeo, na maduka yake yakawa makubwa kiasi kwamba madogo mengi yalifunga. Walmart, yenye maduka makubwa ya kila kitu, ikaipiku kwa mauzo ya vichezeo 1998. Mwaka wa 2005 wawekezaji wakainunua kwa zaidi ya dola bilioni 6, sehemu kubwa ikiwa mikopo waliyoitwika kampuni yenyewe. Septemba 2017 ikakimbilia mahakamani kujikinga na wadai, na 2018 ikafunga maduka yake huko. Watoto wa Marekani hawakuwa wameacha kucheza, ila mauzo yalikuwa yanaishia kulipa riba.

Duka linaweza kuishi na jirani anayeuza rahisi. Ambacho haliwezi kuishi nacho ni gharama isiyosubiri mauzo. Kwao ilikuwa riba. Kwetu ni kodi ya pango, na karatasi ya mwenyekiti haina hata neno moja juu ya kodi.

Kabla rangi ya ubao wa duka jipya haijakauka, keateka, yaani msimamizi wa jengo letu, alipita na daftari kwapani. Barua hakuleta. Alitangaza kwa mdomo kwamba kuanzia mwezi ujao kila chumba kinatoka Sh18,000 na kwenda Sh30,000, na anayetaka kubaki mwaka ujao atoe gudwili, yaani malipo ya juu ya kodi ili aachiwe chumba, ya Sh150,000, kwa kuwa mtaa sasa umepanda hadhi. Jirani yangu muuza vitabu akamuuliza umepandishwa na nani, na hilo duka lenyewe halijauza hata puto. Keateka akajibu yeye katumwa tu.

Tupige hesabu, Mhariri. Nyongeza ni Sh12,000 kwa mwezi. Gari la rimoti la Sh1,200 huniachia faida ya Sh250. Kwa hiyo lazima niuze magari 48 zaidi kila mwezi, si kwa ajili ya unga wala karo, bali kwa ajili ya nyongeza hiyo peke yake. Njoo dukani Januari, wazazi wakiwa wamekamuliwa na sare na vitabu, uone kama kuna mtu anaulizia gari la rimoti. Duka jipya likininyang'anya theluthi ya wateja nina la kufanya: nitapunguza wanasesere na kuongeza plastisini, shanga, herufi za mbao na vitu vingine ambavyo walimu wa chekechea, PP1 na PP2, huagiza mwaka mzima. Kodi haina ujanja wa aina hiyo. Na ushahidi ni kinyozi wetu. Hauzi hata gololi moja, duka jipya halimgusi kwa lolote, lakini yeye ndiye wa kwanza aliyekwenda kuulizia chumba mtaa wa Free Area.

Sasa nitaje jambo lililonifanya nirudishe kalamu. Saini ya tatu kwenye karatasi hiyo ni ya mwenye jengo letu. Naye ana duka la vifaa vya ujenzi mwisho wa mtaa, kwa hiyo anajihesabu kuwa mfanyabiashara mdogo anayeonewa. Pengine ni haki yake. Lakini mimi siwezi kuandika jina langu chini ya jina la mtu aliyemtuma keateka aniongezee Sh12,000 kwa mdomo.

Wengi mtaani wameshaanza kutafuta hizo pesa, wengine kwenye chama cha kuweka akiba, wengine kwa mikopo ya simu. Ndiyo maana naandika gazetini badala ya kubishana kibarazani. Kenya ina sheria ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, iliyotungwa 1965. Binti yangu ni karani katika ofisi ya wakili, na ndiye aliyenichapishia. Inasema hivi, kwa lugha ya dukani. Kama mkataba wako wa duka haukuandikwa, au uliandikwa lakini ni wa muda usiozidi miaka mitano, wewe ni mpangaji anayelindwa. Katika jengo letu ni sisi sote, kwa sababu hakuna mwenye zaidi ya risiti za kila mwezi. Mwenye jengo akitaka kukuongezea kodi, kubadilisha masharti au kukutoa, ni lazima akupe ilani ya maandishi, kwa fomu iliyowekwa na sheria, na haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu uipokee. Maneno ya keateka si ilani, hata ayaseme kwa sauti kubwa namna gani.

Ukishapewa ilani hiyo una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali au unakataa. Ukikataa, unapeleka shauri kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kabla siku ya ilani haijafika, na nyongeza inasitishwa hadi jopo liamue. Hapa wapangaji wengi ndipo wanapoponzwa: wanapokea barua, wanaikunja, wanaiweka chini ya kikokotoo, wanangoja Mungu afanye jambo. Ukinyamaza, ilani inashika siku yake ikifika. Tena ni kosa kisheria mwenye jengo kukusumbua makusudi ili uhame au ulipe zaidi. Nasema hili kwa sababu stima ya vyumba vya upande wetu imeanza kupotea saa za jioni, na ile ya duka la vifaa vya ujenzi haipotei. Labda ni nyaya.

Kuna watakaoniuliza kama duka langu lina maana yoyote kubwa kiasi cha kulipigania. Juu ya kichwa changu sasa hivi inaning'inia baiskeli ndogo nyekundu yenye magurudumu ya pembeni, bei yake Sh6,500. Kwenye usukani nimebandika kipande cha gundi ya karatasi chenye jina la mama mmoja anayefua nguo mtaa wa Section 58. Kila Ijumaa huleta Sh200, nami naandika daftarini, yeye anatia alama yake. Mtoto wake akitoka shule hupitia hapa kuisalimia. Husimama mlangoni, huitazama, huniuliza kama bado iko, kisha huenda zake. Mashine ya kulipia ya duka la matawi haina kitufe cha mama huyu.

Pia hapa tunatengeneza. Gari likiletwa limekufa, aghalabu mota ni nzima. Mzazi aliacha betri ndani miezi kadhaa, zikavuja, na springi imeota ukungu wa kijani. Nafungua kwa bisibisi ya nyota, nakwaruza springi kwa msasa hadi ing'ae, nafuta kwa pamba yenye ndimu, nakausha, natia betri mpya. Ni Sh50, na mtoto akiwa analia nasamehe. Sijawahi kuona duka la matawi lenye bisibisi kwenye kaunta.

Lakini tusijipambe kupita kiasi. Wapo kati yetu wanaouza vichezeo visivyo na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, vinavyobanduka rangi mtoto akiviweka mdomoni, au vyenye zile betri bapa za saa ambazo kifuniko chake hufunguka kwa ukucha. Mtoto akimeza betri hiyo inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Duka jipya likitulazimisha tuondoe takataka hizo rafuni, nitawapelekea chai. Nao nawaomba mawili: watu wa kupanga rafu na kuuza wawaajiri kutoka hapa Nakuru, kuna vijana wa Bondeni na Kivumbini waliosoma biashara na hawana kazi, na wakiona vikapu na wanasesere wa vitambaa wanaoshonwa na akina mama wa hapa, wanunue kwa pesa taslimu. Tumeshajua malipo ya baada ya siku 90 huishia wapi.

Mzee mwenyekiti, najua gazeti hili husomwa dukani kwako kila asubuhi kabla ya chai. Naomba ile karatasi uiandike upya. Ondoa jina la duka jipya, weka ombi moja tu kwa wenye majengo wote wa mtaa: yeyote anayetaka kuongeza kodi afuate Sura ya 301, kwa maandishi na kwa miezi yake miwili. Hiyo nitatia saini ya kwanza, na nitaipeleka kwa kinyozi mimi mwenyewe kabla hajalipa amana huko Free Area. Nakala ya sheria iko kwangu, kurasa zimetobolewa na kufungwa kwa kamba. Anayetaka kuisoma aje siku yoyote, isipokuwa Jumamosi alasiri, maana saa hizo duka hujaa watoto na hamtasikia ninachosema.

Mama Matoi,
Nakuru mjini