Ajali za kazini zinafichwa, anayeumia ni mfanyakazi

Mhariri, naomba nafasi niongelee ajali za kazini, maana huku kwetu Mafinga kwenye viwanda vya mbao hili jambo limekuwa sugu na watu wanalichukulia poa tu.

Mtu akikatwa na msumeno kinachofuata kila mtu hapa anakijua. Anafungwa kitambaa, anapakizwa bodaboda mpaka zahanati, bosi analipa bili, anamtumia na hela kidogo kwenye simu, basi imeisha hiyo. Hakuna fomu wala kilichoandikwa popote, damu inafutwa kwenye mashine na jioni hiyo hiyo kibarua mwingine anasimama pale pale. Kuna mwenzetu alipoteza vidole viwili hivyo hivyo, alipokuja kudai akaambiwa alete ushahidi kwamba aliumia pale kazini. Ataupata wapi wakati aliyetakiwa kuandika ni bosi mwenyewe?

Na sheria ipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inamtaka mwajiri akishajua kuna mtu kaumia atoe taarifa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ndani ya siku 7, na madai nayo yana mwisho, miezi 12. Ukikaa nyumbani unauguza mkono huku unaambiwa subiri tutakuangalia, subiri bosi yuko safari, miezi inakatika na haki yako inaondoka hivyo hivyo.

Kinachoniuma zaidi, mchango analipa mwajiri, asilimia 0.5 ya mishahara, mfanyakazi hakatwi hata mia. Akitoa taarifa mfuko unabeba matibabu, na kama mtu hawezi kufanya kazi kwa muda analipwa asilimia 70 ya mshahara wake mpaka miezi 24. Sasa kwa nini afiche kitu alichokwisha kukilipia? Mimi naona ni kwa sababu hajakilipia chote, yaani kiwandani wako watu arobaini ila kwenye mchango kaandika kumi, kwa hiyo ajali moja ikiandikwa ukweli wote unatoka nje. Halafu anaogopa mkaguzi wa OSHA, wale wa serikali wa usalama na afya kazini, asije akakuta msumeno hauna kinga.

Magonjwa ndo hata hayatajwi. Vumbi la mbao wataalamu wa saratani duniani walishaliweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya pua, na sisi tunalivuta kutwa nzima tumejifunga tisheti mdomoni. Wazee waliokaa miaka kwenye mashine ya kuranda ukiwapigia simu lazima upige kelele ndo wakusikie, watu wanasema ni uzee. Ugonjwa wa hivi hauna siku moja utakayosema niliumia leo, kwa hiyo bila rekodi inayoonyesha nani alikaa mashine gani na kwa miaka mingapi, daktari hata akitaka kukusaidia hana pa kuanzia.

Ombi langu kwa OSHA na WCF, mkija kukagua msiishie ofisini kwa meneja. Ulizeni daftari la ajali, na mkikuta kiwanda cha mbao chenye watu kibao daftari halina hata mstari mmoja mwaka mzima, msikisifie, ingieni ndani muangalie mikono ya wafanyakazi. Daftari lenyewe likae sehemu tunayoifikia, liandikwe siku ile ile, jina, saa, mashine gani, kaumia wapi, na aliyeumia asaini pamoja na shahidi aliyekuwepo.

Na nyie wenzangu, ukiumia mwambie daktari umeumia kazini na uhakikishe kaandika hivyo kwenye karatasi yako, msimamizi hata akikukonyeza useme ulianguka nyumbani. Piga picha kidonda na mashine, weka tarehe, chukua namba za waliokuwepo. Bosi akikaa kimya nenda mwenyewe WCF ukaulize, usisubiri upone kwanza.

Fundi mbao,
Mafinga, Iringa