Barua kwa Rehema: Karatasi Kwanza, Koti Baadaye

Malaba

Mwanangu Rehema,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako kwamba idara yako ya Makerere imekuteua kwenda kusoma muhula mmoja wa mabadilishano Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, nimeupata na hongera sana. Baba yako amefurahi mpaka anawapigia simu watu wasiohusika. Shangazi zako nao wameshaanza kubishana kama koti zito linunuliwe Owino, soko la mitumba Kampala, au liagizwe Nairobi. Na wewe mwenyewe, mama, koti umelitaja tena na tena. Masomo hukuyataja hata mara moja.

Unaijua kazi yangu ya uajenti wa mizigo hapa mpakani. Lori linaweza kuwa jipya, mzigo halali, dereva ana haraka zake. Kama karatasi hazikutangulia, litalala hapa uwanjani na gharama zinahesabika. Muhula wako wa Uswidi nauona hivyo hivyo. Mzigo wenyewe ni alama utakazorudi nazo. Makerere wasipozitambua, utakuwa umekwenda kutembea tu, na digrii ya miaka mitatu imekuwa ya mitatu na nusu kwa pesa yangu.

Kwanza tuelewane: idara kukuteua si sawa na Lund kukukubali. Kuteuliwa ni chuo chako kupeleka jina. Bado wewe utaomba kwao, utachagua kozi, nao watakujibu. Kwa hiyo usimuage mtu bado.

Sasa ile fomu ya makubaliano ya masomo. Binti wa jirani yetu aliyekwenda Ujerumani alinionyesha ya kwake. Upande mmoja unaandika kozi utakazosoma kule, upande wa pili kozi za nyumbani zitakazochukuliwa kuwa umezisoma. Chini kuna sahihi tatu: ya mwanafunzi, ya chuo kinachomtuma na ya chuo kinachompokea. Yeye aliondoka kozi mbili bado hazijaandikwa upande wa nyumbani, kwa sababu mkubwa mmoja idarani alimwambia, "Nenda tu, ukirudi tutarekebisha." Aliporudi mkubwa yule alikuwa amehamishwa. Aliyeingia mahali pake akauliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza: imeandikwa wapi? Mtoto wa watu akakaa darasani na waliomfuata nyuma, akarudia masomo mawili aliyokwisha kuyafaulu Ulaya. Chuo chake sikitaji. Wewe usipande ndege kabla sahihi zote tatu hazijakaa, na nakala moja iwe kwangu.

Kwenye kujaza fomu hiyo angalia vipimo. Uniti moja ya Makerere inahesabu saa za darasani, kumi na tano kwa muhula. Krediti za Ulaya zinahesabu kazi yote, darasani na nje, hata zile saa unazosoma peke yako usiku. Mwaka mzima ni 60, muhula ni 30. Usione krediti 30 zao ukadhani ni mara mbili ya uniti 15 zetu, na usikubali karani akuambie hivyo. Beba maelezo ya kila kozi, mada zake na saa zake, mwalimu wa takwimu hapo Makerere alinganishe mada kwa mada. Na kozi za shahada ya kwanza zinazofundishwa kwa Kiingereza kule ni chache kuliko za uzamili. Nyingine zitajaa, nyingine zitagongana. Peleka idarani orodha ndefu kuliko unayoihitaji, ili kozi moja ikianguka, ya akiba iwe imeshakubaliwa.

Kuna jambo lingine ambalo wenzako watalijua wakiwa wamechelewa. Nyie hapa mnabeba masomo matano au sita kwa pamoja, mitihani yote inawaangukia mwishoni. Kule idara nyingi hufundisha kozi moja baada ya nyingine. Kozi ya krediti 7.5 ni wiki tano hivi za kazi ya kutwa, unafanya mtihani, unaingia nyingine. Maana yake, mwanzoni mwa mwezi wa kumi, wakati wewe bado unajifunza njia ya kwenda dukani, robo ya muhula wako imeshapita. Mwezi wa kwanza si wa kupiga picha. Vipindi vya darasani navyo ni vichache, ratiba inaonekana nyeupe, mtu anadhani yuko likizo. Hiyo nafasi nyeupe ndiyo kazi yenyewe, wanategemea utasoma. Eti na maprofesa wanaitwa kwa majina yao ya kwanza. Hilo kalizoee huko huko, ukirudi uliache uwanja wa ndege.

Halafu alama. Sasa hivi una wastani wa 4.41, na daraja la kwanza linaanzia 4.40. Nimelihesabu hilo kabla hata ya nauli. Kule kozi nyingine hutolewa kwa herufi kama tulivyozoea, nyingine zina matokeo matatu tu: umefeli, umefaulu, umefaulu vizuri. Je, hiyo "umefaulu" tupu itakuwa ngapi Makerere? Wakiipa kiwango cha chini, daraja lako limekwenda na hujakosea kitu. Wakisema kozi zitaingia kama zilizofaulu bila kugusa wastani, nafuu. Kaulize, upewe jibu kwa maandishi, kisha uchague kozi ukijua unachokichagua. Swali hilo ni lako la kwanza Jumatatu, kabla ya jingine lolote.

Kalenda imekupenda. Muhula wao wa kwanza huanza karibu na wetu, mwishoni mwa mwezi wa nane au mwanzoni mwa wa tisa, na kuisha katikati ya Januari, kwa hiyo utawahi muhula wa pili hapa. Ingekuwa Ujerumani, vipindi huanza mwezi wa kumi na kuingia hadi Februari, ungerudi wenzako wameshaanza. Na mwaka wa pili ndio wakati wake. Mwaka wa tatu una utafiti wako wa mwisho, na sitaki msimamizi wako awe Kampala wewe uko kwenye baridi mnatafutana kwa imeili.

Pesa. Wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya Uswidi inawatoza ada tangu 2011, ila wa mabadilishano hawalipi. Ada yako unaendelea kuilipa Makerere kama kawaida. Hata zile kronor 900 za kutuma maombi hazikuhusu. Kwa hiyo mtu yeyote atakayekudai ada ya Uswidi, au kijana wa Kampala atakayekuambia ana njia ya "kukusukumia faili", mwache aende zake. Mimi ni ajenti, nawajua maajenti.

Ila msaada wa masomo usiuhesabu kana kwamba uko mkononi. Uliza nani ananunua tiketi, wewe kwanza kisha urudishiwe, au wao. Uliza fungu la kwanza linaingia lini na lipi linabakizwa hadi umalize. Maana mwezi wa kwanza ndio unaokula: kodi ya chumba, amana, blanketi, baiskeli na taa zake (usiku bila taa ni kosa), na pesa bado haijafika. Hapo ndipo SACCO yangu itaingia, nimeshaongea na mwenyekiti. Kile kiwanja cha Tororo hakiuzwi kwa ajili ya muhula mmoja, hata baba yako akilainika vipi. Hosteli ya Kikoni waambie mapema, wasije wakatudai kitanda kilicholaliwa na mwingine.

Vyumba Lund ni shida, mji mdogo na wanafunzi ni wengi. Omba kupitia chuo siku ile ile dirisha linapofunguliwa. Usimtumie amana mtu uliyemwona mtandaoni tu, hata akikutumia picha ya funguo.

Nyaraka ndizo hizi. Unakaa zaidi ya siku 90, kwa hiyo viza fupi ya Schengen haikufai, unahitaji kibali cha ukaazi cha masomo, na kinaombwa ukiwa bado huku. Kibali hakitolewi kuvuka tarehe ya mwisho ya pasipoti, ndiyo maana ile ya zamani haina kazi tena. Bima ya afya uliza kama chuo kinakukatia au unakata mwenyewe. Na jina! Cheti kimoja kinasema Rehema, kingine Rehma, kitambulisho kina jina la babu na cheti cha kuzaliwa hakina. Wewe unaona herufi moja. Ofisa aliye mbali anaona watu wawili. Hapa mpakani nimeona mzigo mzima ukikaa kwa sababu ya herufi. Tutaapa kwa wakili kabla ya maombi kwenda, tusingoje waulize.

Kadi ya njano ya homa ya manjano: sindano inahesabika kuanzia siku ya kumi, na tangu 2016 inadumu maisha, hairudiwi. Ukiingia Entebbe wakati wa kurudi wataitaka, kwa hiyo isiachwe kwenye droo ya Wasweden. Malaria nayo usiisahau kwa kuwa huko watu hawaipati. Inaweza kutoka nawe hapa na kujitokeza wiki kadhaa baadaye, na daktari wa kule akiona homa atafikiria mafua kwanza. Mwambie mwenyewe: nimetoka Uganda, nipimeni malaria leo.

Njia yako naona itapitia Copenhagen, maana uwanja huo uko karibu na Lund kuliko wa Stockholm, halafu treni inavuka bahari kwa daraja la Öresund lililofunguliwa mwaka 2000. Huo ndio mpaka wa Denmark na Uswidi. Mimi niliyezeeka kwenye mpaka nimetamani kuuona. Polisi wa Uswidi wanaweza kukagua abiria kwenye treni ikishavuka. Pasipoti na kibali viwe kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku chini ya dagaa. Na dagaa wenyewe usibebe. Vyakula vinavyotoka kwa wanyama na samaki vina sheria zake Ulaya, na sitaki kusikia binti wa ajenti amenyang'anywa mzigo.

Desemba jua la Lund huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kama saa tisa na nusu alasiri. Kwa hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana mbio, ukiwa kwenye kipindi utazikosa zote. Pakua ratiba ya sala ya huko, upange mapema. Giza hilo huwakalisha watu chumbani. Ukijiona huna hamu ya kutoka wala kula, piga simu, usinifiche. Kipindi hicho sisi tunawatangulia kwa saa mbili, na mimi silali mapema.

Haya, koti. Chukua la Owino la kuanzia, litakutosha mpaka mwezi wa kumi. La baridi yenyewe kanunue kule kwenye maduka yao ya mitumba. Usicheke, wao ndio wanaotuletea hayo ya Owino, wewe utakuwa umeenda kuchagua kabla bei haijapandishwa njiani.

La mwisho ndilo sikulipenda. Mjomba wako alikuja jana usiku akasema mbele ya baba yako, "Akifika huko asirudi, atafute njia." Nikamjibu pale pale, na sasa nakuandikia wewe ili usilisikie kwake kwanza. Kibali chako ni cha masomo ya muhula mmoja, chini ya makubaliano ya vyuo viwili. Ukipotelea huko, jina la kwanza kuulizwa ni la idara iliyokuteua, na mtoto wa mtu mwingine mwakani atanyimwa nafasi. Ukiipenda Ulaya, rudi, maliza digrii, uombe uzamili kwa jina lako na alama zako. Mjomba akikupigia, mwambie mama kakataza, lawama nibebe mimi. Na ndugu wakikupa orodha za simu na viatu vya kuwaletea, usizipokee. Sanduku lako lina kilo zake.

Jumatatu nenda idarani asubuhi, kabla foleni haijajaa. Beba orodha ya kozi, maelezo yake na lile swali la alama. Fomu usimwachie mtu kabla hujaipiga picha pande zote. Malipo ya pasipoti nitayafanya mimi kesho, risiti nitakutumia kwa WhatsApp, wewe shughulikia tarehe ya kwenda kupigwa picha.

Babu anakusalimu, anauliza kama huko kuna ugali.

Mama yako