Kaka, ile meza sitaitengeneza

Shikamoo kaka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi, nikauzima ulipofika kwenye "lile jambo la milango", maana nilijua unakoelekea: pesa za milango ya nyumba ya Mama. Mimi mzima. Kazi inakwenda, baridi imeanza, kidole kimepona. Hayo hayana la zaidi.

Nianze na picha. Ulimtuma binti yako apige picha nyumba ya Mama ilipofikia, ili niamini kwamba pesa za mara ya mwisho zimeingia ukutani. Nimeamini. Ukuta umenyooka, hongereni. Lakini nyuma ya ukuta, pale bandani, nimeziona mbao za mvule za Baba, zile za meza yangu. Nikaikuza picha mpaka ikawa ukungu mtupu, nikahesabu. Saba. Nikaanza tena kutoka upande wa pili, kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Saba. Kaka, niliziacha zikiwa tisa, kila moja nimeiandikia namba kwenye ncha kwa penseli, na wewe ndiye uliyenishikia taa usiku ule. Namba hazisomeki kwenye picha, lakini ubao wa pili ulikuwa na fundo jeusi na wa nane ulikuwa mrefu kupita yote. Haupo wa fundo, haupo mrefu.

Usiniambie mchwa. Kiini cha mvule mchwa hawakigusi kirahisi hivyo, na hata wangekigusa, wasingeondoka na ubao mzima wa mita tatu. Nilimpigia Dada, akacheka, akasema nikuulize wewe. Basi nikarudi kwenye picha, na nini nikaona? Banda la kuku lina mlango mpya. Unene wa sentimita tano! Fundo jeusi liko palepale kwenye komeo. Yaani kuku wamewekewa mlango wa hazina, na nyumba ya Mama ndiyo inaombewa pesa za milango. Ubao wa nane nao nimeuona kwenye picha ya pili: ndio mliokalia wote mkicheka.

Miaka kumi na tisa nimelipia paa la lile banda. Kila mvua zikikaribia nauliza, "mbao mmezifunika?" na kila mara jibu ni "usijali". Na vijiti nilivyoviweka kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, naona vimetolewa, sijui vimewashiwa moto. Wiki nzima nimekuwa nakujibu mwenyewe kichwani, nikiosha vyombo nakujibu, nikivaa viatu nakujibu.

Sasa nikupe habari njema, maana najua huko mnadhani nimekuja huku kuzeeka tu. Nimemaliza kabati. Ni dogo, la mwaloni, lina droo sita, zile Baba alizokuwa akiziita watoto wa meza. Hakuna msumari hata mmoja. Pembe zote nimeziunga kwa meno yaliyotanuka mbele kama mkia wa njiwa, ambayo yakishaingiana, vuta utakavyo, hayatoki. Nimeyakata kwa mkono, kwa msumeno na patasi. Miezi minane, jioni mbili kwa wiki. Na sikiliza hili: ukiisukuma droo ya juu ifunge, ya chini inatoka kidogo yenyewe, kwa sababu hewa iliyosukumwa ndani haina pengo la kupitia. Mzee anayetufundisha karakanani si mtu wa kusifu. Alifungua, akafunga, akaondoka bila neno. Baadaye akarudi na mwenzake, akafungua na kufunga tena mbele yake, na mimi nikajifanya nanoa patasi.

Ningekuwa nyumbani ningeliweka mlangoni kila mpita njia alione. Hapa limekaa karibu na kitanda na lina soksi.

Basi usiku huohuo nikasema, sasa nimefika. Mkono unaomudu viungo vile utaimudu na meza. Nikautoa ule mchoro. Unaukumbuka, wa karatasi ya vimraba, niliouchora nikiwa na miaka ishirini: meza ya watu kumi na wawili, urefu mita tatu, upana mita moja na robo, mbao za mvule zimegundishwa pamoja, na fremu imezizunguka pande zote nne kama picha ukutani, pembe zimekutana kwa digrii 45. Nimehama nao vyumba sita. Umechanika kwenye mikunjo.

Na ile duara bado ipo. Nilipompa Baba auangalie, alitoa penseli sikioni, akachora duara kwenye pembe moja ya meza, akanirudishia, akaenda kunoa randa. Hakuandika kitu, hakusema kitu. Wewe ulikuwepo. Mimi nikaona ananidharau, kwamba nachora pembe nisizoweza kuzikata. Siku nne sikumsemesha. Ulinishauri, "si umwulize?" Sikumwuliza, nikasafiri, na miaka yote hii kila nikishika patasi nilikuwa namwonyesha yeye kwamba pembe hizo naziweza.

Kaka, pembe hazikuwa tatizo. Wewe si fundi, lakini nivumilie kidogo. Ubao ukishakauka bado unaendelea kunywa na kutoa unyevu wa hewa. Kwa urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana, ila kwa upana unatanuka hewa ikiwa na maji na kusinyaa ikikauka. Uliopasuliwa kwa kuambaa na duara za ukuaji wa mti hucheza karibu mara mbili ya uliopasuliwa kuelekea kiini. Nilikipima hapa kipande cha mwaloni cha sentimita 30, wakati wa joto na tena baada ya kuwasha mitambo ya kupasha nyumba moto. Kilikuwa kimepungua milimita tatu. Mvule ni mtulivu kuliko mwaloni, hilo nakubali, lakini upana wa mita moja na robo hata ukicheza kidogo ni mwingi. Sasa weka mbao hizo ndani ya fremu uliyoigundisha pande zote. Vipande viwili vya fremu vya kwenye ncha vinakatiza upana wa meza kwa urefu wao, kwa hiyo havibadiliki, na mbao zilizo katikati zinataka kutanuka. Mvua zikija zinasukuma na pembe zinaachia. Kiangazi kikija zinavuta, haziendi popote, zinapasuka katikati. Na pa kwanza kufunguka ni pembeni, palepale penye duara.

Baba alikuwa ameiona meza yangu ikivunjika kabla sijaishika hata mbao ya kwanza.

Ila na yeye! Neno moja lingemgharimu nini? Angesema tu "itapasuka". Randa ilikuwa inanolewa kila siku, isingekimbia.

Usidhani niliishia hapo. Jioni tatu nilichora upya. Dawa yake ipo na si ngumu: unashikilia ubao katikati tu, huku pembeni matundu ya skrubu unayarefusha ili uteleze, na fremu unaitupilia mbali. Meza ingesimama miaka mia. Lakini nilipoumaliza mchoro mpya nikauangalia kama mtu anavyoangalia shati aliloazima. Nikaanza kujiuliza maswali niliyokuwa nayakwepa. Nitaitengenezea wapi? Kuja huko mwezi mmoja hakutoshi hata kuzipiga randa mbao tano. Kuzileta mbao huku ni wazimu: miaka yote kumi na tisa zimezoea hewa ya bandani, na ndani ya nyumba za huku zingeanza kusinyaa upya. Na hiyo meza ya mita tatu, ikishakuwa meza, inapita mlango gani?

Tena kuna hili, na ukimsomea Mama barua hii liruke. Kila nikiulizwa narudi lini, nimekuwa nikijibu, "nitakuja kutengeneza meza." Mama ameliamini jibu hilo. Mimi pia. Lilikuwa jibu zuri kwa sababu halikuwa na tarehe. Ndiyo maana nikigombana nanyi kuhusu banda, nilikuwa nagombea kitu kingine. Mbao zikiwa tisa, mimi ni mtu aliyetoka kidogo tu, anarudi. Zikiwa saba, sijui ni mtu gani.

Basi, kuhusu milango: pesa za kununua milango sitatuma. Milango unayo. Chukueni mbao, ule wa kuku uacheni kwa kuku, na huo mnaoukalia uinukieni. Fundi ndiye nitakayemlipa, na nitamtumia mwenyewe moja kwa moja, usinune. Nataka afanye hivi, na umsomee neno kwa neno.

Asigundishe mbao pamoja akapata ubao mmoja mpana akauita mlango. Atengeneze fremu, ulimi uingie kwenye tundu lake, na ndani aweke paneli, yaani ubao wa kujaza katikati, kwenye mfereji wa fremu. Paneli isitiwe gundi wala msumari hata mmoja, ikae huru, na aiachie nafasi kama milimita tatu kila upande. Atakwambia italegea. Mwambie ndivyo inavyotakiwa. Na mafuta aipake paneli kabla hajaifungia ndani ya fremu, kwa sababu ikija kusinyaa, ukingo ambao haukupakwa utachungulia kama mstari mweupe, na Mama ataniuliza mimi. Mvule wakati mwingine una jiwe ndani, madini magumu yanayojijenga kwenye mti ukiwa hai. Likigonga randa makali yameisha, kwa hiyo asije akasema umempa mbao mbovu, anoe aendelee. Na vumbi lake ni kali, linawasha ngozi na kubana kifua. Ajifunge kitambaa kizito puani, na mtoto wa Dada asikae pale kucheza na maranda kama tulivyokuwa tukicheza sisi.

Kabla ya yote rudisheni vijiti kati ya mbao. Leo, si kesho.

Randa ya Baba, ile ya mti, Dada ananiambia iko kwako inazuia mlango usijifunge na upepo. Sitasema kitu. Ifute, uifunge kwenye nguo, umpe fundi aitumie kwenye milango, kisha airudishe kwa Mama, si kwako.

Ubao wa tatu usiguswe. Ni ule wenye mistari iliyonyooka mwanzo hadi mwisho, Baba aliwahi kuupiga kwa kidole na kuusikiliza. Hauna kazi, usiniulize ni wa nini. Nipimie tu upana wake mvua zikianza, na tena kiangazi, uniandikie milimita zote mbili.

Msalimie Mama. Ujumbe wa sauti ukituma tena, anza na la pesa, mwisho ndio uweke salamu.

Ni mimi mdogo wako